Mchanga na Kokoto: Ukaguzi wa Mizigo Isiyo na Nembo

Mfuko wa saruji humfikia mnunuzi ukiwa umeandikwa. Juu yake pana jina la kiwanda, uzito wa kilo 50, daraja la nguvu, ambalo kwa kawaida ni 32.5 au 42.5, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Mnunuzi anayeutilia shaka mfuko huo anajua pa kuuliza. Mchanga na kokoto havina mfuko. Huja juu ya tipa, humwagwa pembezoni mwa kiwanja, na muda si mrefu gari limekwisha kuondoka. Hapana nembo, hapana daraja, na mara nyingi hapana hata stakabadhi.

Hata hivyo, katika zege la kawaida mchanga na kokoto huchukua kati ya asilimia 60 na 75 ya ujazo wote. Nyumba ya zege, ukiipima kwa ujazo, ni nyumba ya mawe yaliyogandishwa kwa saruji. Wajenzi wengi hubishana saa nzima dukani kuhusu saruji ya kiwanda kipi ni bora, kisha humpigia dereva simu wakamwagiza "tripu mbili za mchanga" bila kuuliza unatoka wapi. Somo hili linahusu maswali hayo yasiyoulizwa. Limeandikwa kwa ajili ya mtu anayejenga kwa kudunduliza, msingi mwaka huu na linta mwaka ujao, asiye na mhandisi wa kumkagulia kila mzigo, na ambaye zege likishaganda hana fedha za kulibomoa na kulimwaga upya.

Kazi ya mchanga, kazi ya kokoto

Chembe zinazopita katika chekeche lenye matundu ya milimita 5 huhesabiwa kuwa mchanga; zinazobaki juu yake huhesabiwa kuwa kokoto. Viwango vingine hutumia milimita 4.75 au 4, tofauti isiyomhusu sana mjenzi wa nyumba ya kuishi. Linalomhusu ni namna vitu hivi viwili vinavyosaidiana, na hilo anaweza kulishuhudia kwa macho yake.

Jaza kokoto kavu katika ndoo ya lita 20 hadi ukingoni. Kisha mimina maji polepole kwa kopo la lita moja huku ukihesabu. Ndoo uliyodhani imejaa itapokea lita nane hivi, pengine tisa, kabla ya maji kuonekana juu. Nafasi hizo zilizofichika ndizo zinazopaswa kujazwa na mchanga, na nafasi ndogo zaidi zinazobaki kati ya chembe za mchanga ndizo zinazopaswa kujazwa na uji wa saruji. Kokoto zenye ukubwa mchanganyiko, nyingine kubwa na nyingine ndogo, hujazana zenyewe kwa wenyewe, na hivyo huhitaji uji mchache. Kokoto za ukubwa mmoja tu huacha mianya mingi. Mchanga nao una hali hiyo hiyo: mchanga laini mtupu, unaofanana na unga, una eneo kubwa la kupakwa saruji, hivyo hudai saruji na maji zaidi kwa nguvu ile ile.

Kwa sababu hiyo mchanga mzuri wa lipu si lazima uwe mzuri wa zege. Lipu hutaka chembe laini ili ukuta uwe nyororo. Zege hutaka mchanga wenye chembe za kila ukubwa, zikiwamo zile zinazokwaruza kiganja. Fundi anayetumia rundo moja kwa kazi zote mbili hukuokolea safari moja ya gari na kukuongezea gharama ya mifuko ya saruji.

Chupa ya maji ya chumvi

Adui mkuu wa mchanga wa mtoni na wa mashimoni ni udongo wa mfinyanzi na vumbi laini, ambalo mafundi hulijumlisha kwa jina la tope. Tope huzingira chembe za mchanga kama kanzu na kuizuia saruji isizishike. Aidha, hunywa maji mengi. Fundi akiona mchanganyiko mgumu huongeza maji, na maji hayo yakikauka zege hunywea na kupasuka. Kipimo cha kwanza ni cha mkono: sugua mchanga wenye unyevu kati ya viganja, kisha uutupe. Viganja vikibaki na rangi ya udongo inayong'ang'ania, usiamini maneno ya dereva hata akikuapia kwamba huo ni mchanga wa mto mtupu.

Kipimo cha pili kina uzito zaidi, na hakihitaji zaidi ya chupa angavu yenye pande zilizonyooka. Yeyusha vijiko viwili vya chai vya chumvi katika lita moja ya maji safi. Mimina maji hayo ya chumvi katika chupa hadi theluthi moja ya kimo chake, weka mchanga mpaka ufike theluthi mbili, kisha ongeza maji ya chumvi hadi karibu na shingo. Ziba, tikisa kwa nguvu kwa dakika moja au mbili, igongegonge kidogo ili uso wa mchanga ulale sawa, na uiache mahali pasipoguswa kwa saa tatu. Chumvi huzifanya chembe za mfinyanzi zishikamane na kuzama. Bila chumvi huweza kuelea hadi kesho yake.

Baada ya saa hizo utaona tabaka mbili: mchanga chini, na tope juu yake, lenye rangi tofauti. Pima kila moja kwa rula. Mpaka unaotumika katika kipimo hiki cha kiwanjani ni asilimia 8: mchanga ukiwa na kimo cha milimita 100, tope lisizidi milimita 8. Likizidi hapo, mchanga huo uoshwe, ukataliwe, au upelekwe maabara ambako tope hupimwa kwa uzito na jibu huwa la uhakika zaidi. Mchanga uliomo ndani ya chupa utupe. Una chumvi, na haufai kurudishwa kwenye rundo.

Chukua sampuli yako kutoka sehemu mbalimbali za mzigo, si ile ya juu tu. Mvua na mtikisiko wa safari huteremsha tope chini, na muuzaji mjanja anajua kwamba jicho la mnunuzi huishia juu. Ukiona majani, mizizi au weusi wenye harufu ya kuoza, usihangaike na chupa. Mabaki ya mimea huchelewesha kuganda kwa saruji, na huweza kuudhuru mchanganyiko hata yakiwa kidogo.

Mchanga wa pwani

Mkaazi wa ukanda wa bahari hukutana na kishawishi cha pekee: mchanga mweupe, safi kwa macho, usio na tope hata chembe, na ulio karibu. Katika chupa yetu mchanga huo utafaulu vizuri. Ubaya wake hauonekani. Chumvi ya bahari iliyomo ndani yake hubakia katika zege na kuivunja kinga ambayo saruji huipa nondo dhidi ya kutu. Nondo ikishika kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na uvimbe huo huibandua zege kutoka ndani. Mwenye nyumba huanza kuona mstari wa ufa ukifuata nondo, kisha madoa ya rangi ya kahawia, kisha vipande vinavyodondoka kutoka kwenye dari. Mpaka hapo miaka kadhaa imekwisha kupita, na dereva aliyeleta mzigo hakumbukwi hata jina.

Jambo hili limezigharimu hata nchi zenye wahandisi wengi. Kisiwani Taiwan nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa bahari ambao haukuoshwa zimekuwa tatizo la umma tangu miaka ya 1990, na mwaka 2013 mamlaka za mji wa Shenzhen, nchini China, zilichukua hatua dhidi ya wazalishaji wa zege baada ya ukaguzi kugundua mchanga wa namna hiyo. Mchanga wa bahari huweza kutumika ukioshwa barabara kwa maji baridi na kupimwa maabara, lakini kuuosha kwa ndoo uani si kuosha barabara. Katika zege lenye nondo, yaani nguzo, linta, mikanda na slabu, usiutumie. Mchanga wa mdomo wa mto, pale maji ya bahari yanapopanda, uhesabu kuwa wa bahari.

Kuna jambo jingine la kuuliza. Mchanga, kokoto na mawe ni madini ujenzi chini ya Sheria ya Madini, na uchimbaji wake huhitaji leseni. Anayechota ufukweni usiku hana leseni ya kukuonyesha, na ufuo anaouchimba ndio unaoizuia bahari isifike kwenye viwanja vya watu.

Kokoto: jiwe gani, umbo gani, ukubwa gani

Mnunuzi wa Dar es Salaam hukuta sokoni majina mawili ya kokoto kila siku: Lugoba na Kunduchi. Kokoto za Lugoba, katika Halmashauri ya Chalinze, hupasuliwa kutoka mwamba mgumu na mzito. Za Kunduchi hutokana na mawe ya chokaa ya asili ya matumbawe, ambayo ni mepesi zaidi, yana vitundu, na hunywa maji. Bei hutofautiana, na safari ya gari ni sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Si haki kusema kwamba jiwe la chokaa halifai kamwe; duniani kote zege nyingi nzuri hutengenezwa kwa chokaa ngumu. Linalotakiwa ni kuitumia kokoto kwa kazi inayoimudu. Kwa jamvi la sakafu ya chini, lililolala juu ya ardhi iliyoshindiliwa, kokoto nyepesi iliyo safi yaweza kutosha. Kwa nguzo na slabu ya ghorofa ni vyema kulipia jiwe gumu, na hapo mchoro wa mhandisi ndio uamue, si mfuko wa mnunuzi.

Gonga kokoto kumi kwa nyundo, moja moja. Jiwe zuri hulia na kupasuka kwa ncha kali. Bovu husagika na kuacha unga. Zitumbukize nyingine majini usiku kucha: zikilegea au zikichuja rangi ya udongo, zikatae. Kisha tazama umbo. Kokoto inayokaribia mchemraba hukaa imara. Kokoto bapa kama gae la chungu, au ndefu kama kidole, huvunjika kwa urahisi na kuzuia zege kujaza pembe. Katika kokoto za kuponda kwa mkono utakuta mara nyingi mawe ya aina mbili tatu katika rundo moja, kwa sababu mponda huokota jiwe analolipata. Hilo si kosa la kumkatalia mtu riziki yake, bali ni sababu ya kukagua kwa makini zaidi. Vumbi jeupe lililoganda juu ya kokoto za mashine lioshwe kwa maji kabla ya kuchanganya, kwa maana lina madhara yale yale ya tope.

Kuhusu ukubwa, kanuni za kihandisi husema kokoto kubwa kuliko zote isizidi theluthi moja ya unene wa slabu, wala robo tatu ya nafasi iliyo kati ya nondo na nondo. Katika nyumba za kawaida kanuni hizo hutupeleka kwenye milimita 20, yaani zile ambazo soko huziita za robo tatu inchi. Kokoto kubwa mno hukwama juu ya nondo, na chini yake hubaki pango ambalo hutaliona mpaka mbao zibanduliwe.

Yapo pia madhara ambayo nyundo haiyatambui. Kaskazini-mashariki mwa jimbo la Connecticut, Marekani, maelfu ya nyumba zilizojengwa kuanzia mwaka 1983 zilimwagiwa misingi yenye kokoto zilizobeba madini ya chuma na salfa yaitwayo pirotiti. Nyufa zilianza kujitokeza baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi, na tiba iliyopatikana ni kuinua nyumba na kuondoa msingi wote. Kwa jengo la ghorofa, basi, au pale mawe yanapotoka katika shimo jipya lisilo na historia, gharama ya kupima sampuli maabara ni ndogo mno ukiilinganisha na hasara. TANROADS na vyuo vikuu vinavyofundisha uhandisi vina maabara za vifaa vya ujenzi.

Mchanga mbichi hudanganya kipimo

Hapa ndipo wajenzi wengi hupoteza bila kujua, na upotevu wenyewe ni wa namna mbili. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Utando wa maji husukuma chembe zikae mbalimbali, na ujazo huongezeka kwa asilimia 20 hadi 30, wakati uzito wa mchanga wenyewe ni ule ule. Ukiulowesha kabisa, huteremka tena. Kwa hiyo mita 5 za ujazo za mchanga mbichi uliovimba kwa robo ni mita 4 tu za mchanga uliotulia, nawe umelipia tano.

Kupima uvimbe ni rahisi. Jaza mchanga mbichi katika kopo lenye pande zilizonyooka mpaka kimo cha milimita 200, bila kuushindilia. Umwage pembeni, weka maji nusu ya kopo, kisha urudishe mchanga wote kidogo kidogo ukikoroga. Ukitulia kwenye milimita 160, umevimba kwa robo. Tumia jibu hilo mara mbili: katika kuelewana bei, na katika kuchanganya.

Tuseme fundi anachanganya kwa uwiano wa 1:2:4, mfuko mmoja wa saruji kwa vipimo viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Mwombe fundi seremala akutengenezee boksi lisilo na kitako lenye vipimo vya ndani vya sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Hizo ni lita 35 kamili. Toroli lililorundikwa si kipimo, kwani kibarua wa asubuhi na yule yule wa saa tisa alasiri hawalijazi sawa. Mchanga ukiwa umevimba kwa robo, maboksi mawili yawe mawili na nusu.

Maji yawe lita 25 hadi 30 kwa kila mfuko, na humo uhesabu pia maji yaliyokuja na mchanga, ambayo katika mchanga mbichi huweza kufikia lita nne au tano kwa mfuko. Mvua ikiwa imenyesha usiku, zege la asubuhi lihitaji maji machache kuliko la jana. Vibarua hupenda zege linalotiririka kwa sababu halichoshi mikono. Msimamizi awepo karibu na pipa la maji. Hapo ndipo nguvu ya nguzo inapoongezwa au kupunguzwa.

Kabla bodi haijainuliwa

Jua kwanza unachohitaji. Jamvi la mita 10 kwa 8 lenye unene wa sentimita 10 ni mita 8 za ujazo za zege. Kwa uwiano uliotajwa, hilo ni takriban mita 3.5 za mchanga, mita 7 za kokoto na mifuko 50 ya saruji, ukiacha kinachopotea kiwanjani. Kisha pima bodi ya gari kwa futikamba: urefu mara upana mara kimo cha mzigo. Bodi ya mita 3.6 kwa 2 yenye mzigo wa kimo cha mita 0.6 ina mita 4.32, hata kama dereva ameizoea kuiita "mita tano". Pima mzigo ukiwa umesawazishwa, kwa kuwa kilele cha katikati mara nyingi hufidiwa na bonde la pembeni. "Tripu" si kipimo. Andika mita za ujazo.

Ukaguzi wote ufanyike mzigo ukiwa bado juu ya gari. Ukishamwagwa na kuchanganyika na udongo wa kiwanja, hutaweza kuthibitisha tope lilitoka wapi. Andaa mahali pa kumwagia palipo pagumu au pametandikwa turubai, mbali na mfereji, na mchanga usigusane na kokoto.

Agizo lako liandike, hata kwa ujumbe wa simu, na lieleze kazi: "mchanga wa zege la nguzo na linta, mita 4 za ujazo, usio wa bahari." Maneno hayo yana uzito wa kisheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kuutegemea ujuzi wake. Aliyeagiza "mchanga" tu, akaletewa mchanga, ana hoja dhaifu. Malalamiko ya ujazo uliopunjwa yapelekwe Wakala wa Vipimo, ofisi ya mkoa wako. Pamoja na stakabadhi, weka mfuko mdogo wa sampuli kutoka kila mzigo, ulioandikwa tarehe, namba ya gari na sehemu ya nyumba iliyotumia mzigo huo.